Waipa za Land Rover 109 zinasimama katikati ya kioo mvua ikikolea. Nianzie wapi?

#1 Mjukuu wa 109
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye magari ya zamani, hasa mlioko huku Dodoma, Singida na Iringa.

Nina Land Rover 109, Series III ya 1978. Ni ya marehemu baba na sina mpango wa kuiuza. Injini safi, gia safi, shida ni waipa. Jumapili nilikuwa natoka Kongwa, mvua ikanidaka kabla sijafika Mbande. Waipa zilienda vizuri dakika tano hivi, zikaanza kukokota, halafu zikasimama wima katikati ya kioo. Nikaegesha pembeni robo saa. Nikawasha, zikapiga mara kumi, zikasimama tena. Barabara kuu niliifikia kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Kinachonichanganya ni kwamba nyumbani Ipagala nikimwagia kioo maji kwa ndoo zinaenda bila tabu. Fyuzi nzima. Tena nikizima hazirudi kulala chini, zinabaki popote zilipofikia. Fundi mmoja kaniambia mota imekufa, niagize nyingine Dar. Kabla sijatoa hela nimeona niulize.

#2 Nyikani Manyoni
Naweka kambi hapa. Yangu ya 1974 ina ugonjwa huo huo.

#3 Fundi Kizota
Mkuu usinunue mota. Hiyo ni erthi, njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Bodi ya Land Rover ni alumini, ila ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma. Pale alumini na chuma vinapogusana, unyevu ukiingia panaliwa taratibu bila wewe kuona. Umeme unakosa njia ya kurudi betri, mota inazunguka bila nguvu, inapata moto, inasimama.

Chukua mita, weka kwenye volti. Waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwekundu kwenye mwili wa mota. Washa waipa zikiwa zinafanya kazi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, erthi ni mbovu. Usipime ikiwa imezimwa, itasoma sifuri na utadanganyika.

#4 Mzee wa Mtera
Fundi Kizota anajua kazi yake, ila mimi naona kitu kingine.

Kwenye Series III mota haishiki waipa moja kwa moja. Inasukuma na kuvuta kebo moja ngumu iliyozungushiwa waya kama skrubu, inapita ndani ya bomba la chuma nyuma ya dashibodi. Kebo hiyo inazungusha vigia viwili vidogo, na kila kigia kimeshika mkono mmoja wa waipa. Sasa fikiria Dodoma yetu. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni jua na upepo. Miezi saba kebo imelala sehemu moja, vumbi linaingia, grisi inakauka inakuwa ulimbo. Desemba mvua ya kwanza ikipiga, unamwambia mzee aliyelala miezi saba ainuke akimbie. Mota inasukuma mzigo usio wake.

Vijana wengi mnafungua mota, hamgusi bomba. Anza na bomba.

#5 Waya Mwekundu
Mimi nasema kaboni, vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Dalili ya mota kwenda ikiwa ya baridi na kugoma ikipata moto, kisha ikipoa inaenda tena, hiyo ni kaboni zimekwisha na springi zimelegea. Ndoo moja ya maji haitoshi kuipasha moto, ndiyo maana nyumbani haikuonyeshi kitu.

#6 Kobe ya 69
Mkuu umeangalia betri imefungwa vipi? Gari za Kiingereza za zamani ni chanya kwenye bodi, yaani chanya ya betri ndiyo inafungwa kwenye bodi badala ya hasi. Kama mtu alikufungia kinyume, mota inaweza kuwa inazunguka upande usio wake.

#7 Fundi Kizota
Kobe ya 69, hapo si kweli kwa gari yake. Chanya kwenye bodi ni Land Rover za zamani zaidi. Series IIA zenyewe zilibadilishiwa mwishoni mwa miaka ya 60, na Series III ilipoanza 1971 tayari ilikuwa hasi kwenye bodi kama gari za leo. Ya 1978 haina habari hiyo.

#8 Waya Mwekundu
Naongezea kwa Fundi Kizota. Hata ukigeuza betri, inategemea mota ni ya aina gani. Zile za zamani zenye koili badala ya sumaku, ukigeuza chanya na hasi bado zinazunguka upande ule ule. Zenye sumaku ya kudumu ndizo zinageuka. Hilo liliwahi kunisumbua wiki nzima kwenye gari ya mteja mpaka nikafungua nikaona sumaku.

Na kwa hisani yenu, mota yenye sumaku msiigonge nyundo "kuishtua". Sumaku hizo ni kama vigae, zinapasuka. Nimeshaletewa mota tatu zimekufa kwa nyundo, siyo kwa uchakavu.

#9 Mama Mizabibu
Wakaka mmeruka kioo na mpira. Nina pikapu ya Peugeot 504 ya kubebea zabibu kutoka Hombolo, naishi na jua hili hili. Mpira wa waipa ukikaa msimu mzima juani unakuwa mgumu, unang'ang'ania kioo badala ya kuteleza. Juu yake kuna lile vumbi letu jekundu, likilowa linakuwa tope jembamba. Mota inasukuma msasa.

Kipimo hakina gharama. Inua mikono yote miwili isiguse kioo, washa, acha dakika kumi. Zikienda mbio bila kuchoka, tatizo liko kwenye kioo na mipira. Zikikokota hata hewani, ndipo uende kwa Mzee wa Mtera na bomba lake.

#10 Nyikani Manyoni
Dada hii ni point. Kesho asubuhi naifanya kwenye yangu.

#11 Dereva Mstaafu
Salaam. Nimesoma nikakumbuka mbali.

Nilianza utingo kwenye lori, njia ya Dodoma kwenda Kondoa, kabla ya lami. Waipa ilikufa Desemba, mvua ya usiku, na mzigo ulikuwa wa mahindi usiofaa kulowa. Dereva wangu alichukua kamba ya katani, akafunga ncha moja kwenye mkono wa waipa wa kulia, nyingine kwenye wa kushoto, kamba zikapita madirishani, zikaingia ndani. Yeye anavuta kwake, mimi navuta kwangu. Yeye anasema "haya", mimi navuta. Tulienda hivyo mpaka kunakucha. Viganja vyangu vilichubuka, na maji yalikuwa yanaingia yakifuata kamba mpaka kwenye kwapa. Lakini tulifika na mahindi hayakulowa.

Mwajiri wangu wa pili alikuwa na Ford Anglia ya miaka ya 50. Hiyo waipa zake hazikuwa za umeme, zilikuwa zinavutwa na hewa ya injini. Tambarare zinakimbia vizuri. Ukianza kupanda mlima Kitonga, ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto wa hewa unapungua, waipa zinasinzia. Unalazimika kuachia mafuta kidogo ili upate kuona, kisha ukanyage tena ili upande. Kwa hiyo Mjukuu, gari ya baba yako ni ya kisasa sana kwangu.

#12 Mama Mizabibu
Mzee shikamoo. Hiyo kamba yenu ndiyo asili ya waipa. Aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1903 ni mwanamke wa Alabama, Mary Anderson, na kifaa chake kilikuwa cha kuvuta kwa mkono. Kuna mpini ndani, unauvuta, mkono wa mpira unapita kwenye kioo. Aliwaza hilo akiwa kwenye tramu New York, akimwona dereva anahangaika na theluji kwenye kioo. Nyie mlifanya kazi ile ile njia ya Kondoa.

#13 Dereva Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sikulijua hilo. Ahsante.

#14 Mjukuu wa 109
Wakuu nimerudi. Mzee Mstaafu, shikamoo, umenitia moyo.

Nimepima kama Fundi Kizota alivyosema. Ilisoma volti 0.9. Nikafungua boliti ya erthi, chini yake kulikuwa na unga mweupe kama magadi. Nimekwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga na washa mpya, nikapaka grisi juu. Sasa inasoma 0.2.

Mwendo umeongezeka, hata mke wangu kaona. Ila nimefanya na kipimo cha Mama Mizabibu, mikono ikiwa hewani. Dakika nane zikaanza kukokota tena.

#15 Fundi Kizota
Kutoka 0.9 mpaka 0.2 siyo jambo dogo. Nilisema.

#16 Mzee wa Mtera
Na hewani zinakokota. Nami nilisema. Fungua bomba.

#17 Kitabu cha Mzee
Niko Morogoro. Nina kitabu cha ufundi cha MGB, gari ile ndogo ya Kiingereza, yenye mota ya Lucas 14W inayosukuma kebo ya aina hiyo hiyo. Sisemi ni mota ile ile ya Land Rover, msinishike shati. Ila vipimo vinasaidia kujua hali ya kawaida inafananaje.

Mota ikiwa imetolewa kwenye kebo, inazunguka peke yake, itumie kama ampia 1.5 mwendo wa kawaida na ampia 2 mwendo wa kasi. Na kebo yenyewe, ukiivuta ndani ya bomba bila mikono ya waipa, nguvu isizidi kilo 2.7. Kaboni zikibaki milimita 4.8 zinabadilishwa. Kwa hiyo Mjukuu, tafuta ule mzani mdogo wa ndoano wa wauza samaki, ufunge kwenye ncha ya kebo, uvute. Mzani utawaamulia.

#18 Waya Mwekundu
Hapo sasa. Na kwenye mota za kasi mbili kuna kaboni ya tatu, nyembamba mbele, pana nyuma. Ile ncha nyembamba ikishaliwa mpaka upana mzima, haifai tena hata kama bado ni ndefu. Wengi wanapima urefu tu wanairudisha.

#19 Kobe ya 69
Wakati tunasubiri mzani, mnajua Volkswagen yangu inarusha maji ya kioo bila pampu? Kuna mpira unatoka kwenye tairi la spea pale mbele, upepo wa tairi ndio unasukuma maji. Na kuna vali inakata kabla tairi halijaisha upepo, ili usije ukabaki na spea isiyofaa.

#20 Nyikani Manyoni
Mkuu umetoka kwenye betri chanya umeingia kwenye tairi. Siku ukipata pancha usiku Manyoni utaosha kioo na nini?

#21 Kobe ya 69
Nimekwambia kuna vali. Soma.

#22 Mjukuu wa 109
Nimetumia nusu siku, nimetoa kebo. Mzani wa samaki umesoma kilo 6, na ilikuwa inakwama ikifika kigia cha upande wa abiria.

Niwaeleze nilichokiona. Kebo ilipotoka ilikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unabanduka kwa kucha kama sukari guru. Katikati ya zile pindo za waya kulikuwa na mchanga mwembamba. Nimeloweka kebo kwenye dizeli, nimeipiga brashi ya nguo, nimepitisha kitambaa kwenye bomba mara sita mpaka kikatoka cheupe. Kigia cha abiria meno yake upande mmoja yameliwa yamekuwa butu, upande wa pili mazima kabisa kama mapya. Spindeli yake, ule mhimili unaoshika mkono wa waipa, nayo ilikuwa imeshikwa na kutu pale inapotoka nje.

Nanunua wapi kigia?

#23 Mzee wa Mtera
Usinunue. Kigia hicho hakizunguki mduara mzima, kinakwenda na kurudi, kwa hiyo kinatumia meno ya upande mmoja tu maisha yake yote. Kitoe, kigeuze nusu mduara, kirudishe. Umepata kigia kipya. Baba yako angekuwa hai angekuonyesha hilo.

Spindeli ipe mafuta ya kupenya, iache usiku kucha, izungushe kwa mkono mpaka iende kwa vidole viwili. Grisi mpya iwe kidogo. Ukijaza bomba, Novemba ijayo tutarudi kwenye uzi huu huu.

#24 Nyikani Manyoni
Mzee hili sikulijua na nimeshanunua vigia viwili vya mtumba kwa bei ya mbuzi.

#25 Waya Mwekundu
Mjukuu, mota ikiwa mezani tafadhali fungua uangalie kaboni. Usiifunge bila kuangalia, utakuja kurudia kazi.

#26 Mjukuu wa 109
Nimefungua. Kaboni mbili zina milimita 6, ya tatu nyembamba ncha bado ipo. Ile duara ya shaba ambayo kaboni zinaisugua ilikuwa nyeusi, nimeipitishia msasa laini. Kwa hiyo sijui, Waya Mwekundu, zimepita au hazijapita?

#27 Waya Mwekundu
Zimepita kwa urefu. Ila shaba nyeusi ni ushahidi kwamba springi hazibani vizuri, au mota imekuwa ikibeba mzigo muda mrefu. Mimi ningebadilisha.

#28 Fundi Kizota
Au erthi mbovu. Usilazimishe.

#29 Stoo ya Spea
Nimechelewa kuuona uzi. Mjukuu, fyuzi umeona ni nzima, lakini umeangalia pale zinapokaa? Vile vibano vya shaba vinapoteza ubanaji na kupata utando wa kijani. Fyuzi inaonekana nzima na umeme haupiti vizuri. Na ukinunua fyuzi ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35, jua hiyo ni ampia ya kuungua, kubeba mfululizo ni kama 17. Watu wanaweka ya Kijapani ya 35 wakidhani ni sawa, na hiyo inabeba 35 mfululizo. Waya unaungua fyuzi ikiwa inatazama.

Halafu wale wanaozungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyokatika, nawaomba kwa heshima zote muache. Nimeona Land Rover ikiungua dashibodi Nkuhungu kwa sababu hiyo, na mwenye gari aliisomeshea watoto.

#30 Mama Mizabibu
Mjukuu umebadilisha mipira?

#31 Mjukuu wa 109
Nimebadilisha dada. Ya zamani ilikuwa ya gari ya Kijapani, ndefu kuliko nafasi, ncha ilikuwa inagusa fremu ya kioo upande wa dereva. Fundi fulani aliifunga miaka ya nyuma. Nimekata kwa kipimo cha ile iliyobaki stoo ya baba.

#32 Mzee wa Mtera
Tazama sasa. Hata hiyo peke yake ingetosha kuchosha mota.

#33 Mjukuu wa 109
Wakuu, leo imenyesha. Nimeondoka Ipagala saa kumi nikiwa na mwanangu, tukaenda mpaka Hombolo na kurudi, mvua ikitupiga karibu njia nzima. Waipa hazikusimama hata mara moja. Mwanangu alikuwa anazihesabu kwa sauti mpaka akalala. Nilipofika nyumbani nimegusa mota, ina joto la kawaida, mkono unavumilia.

Nawashukuru sana. Najua mtaniuliza ni nini kilichoponya, na siwezi kusema. Nimesafisha erthi, nimesafisha bomba, nimegeuza kigia, nimepiga msasa shaba, nimekaza vibano vya fyuzi na nimebadilisha mipira, vyote kabla mvua haijanyesha.

#34 Fundi Kizota
Erthi. Hata mke wako aliona.

#35 Mzee wa Mtera
Kilo 6 badala ya 2.7. Sina la kuongeza.

#36 Mama Mizabibu
Mipira ndefu iliyogonga fremu mmeisahau upesi.

#37 Nyikani Manyoni
Mrejesho wangu: mikono ikiwa hewani yangu inakimbia vizuri, ikishuka kwenye kioo inakokota. Kwa hiyo mimi niko upande wa Mama Mizabibu. Ila nikiosha kioo kwa sabuni inakuwa afadhali siku mbili, kisha inarudi.

#38 Dereva Mstaafu
Zamani tulikuwa tunasugua kioo na tumbaku iliyoloweshwa, au kiazi mbichi kilichokatwa. Maji yanatandaa badala ya kubaki matone, unaona hata waipa ikiwa dhaifu. Osha vumbi kwanza, la sivyo utachora kioo.

#39 Mjukuu wa 109
Limebaki moja. Nikizima bado hazirudi chini. Zinasimama popote.

#40 Waya Mwekundu
Hiyo ni habari nyingine. Ukizima swichi, mota inatakiwa iendelee kupata umeme kwa waya wa pili mpaka waipa zifike chini, ndipo kiswichi kidogo kilichoko kwenye kichwa cha mota kinakata. Kama zinasimama popote, ama waya huo hauna umeme, ama kiswichi kimeungua ncha zake. Funguo ikiwa imewashwa na swichi ya waipa imezimwa, pima waya wa kijani kwenye plagi ya mota.

#41 Mjukuu wa 109
Nimepima. Una volti 12.

#42 Waya Mwekundu
Basi ni kiswichi cha kwenye mota.

#43 Fundi Kizota
Siyo lazima. Swichi ya dashibodi ikiwa imechoka inakata njia ya kurudi, na kiswichi cha kwenye mota kinaonewa. Nimeshabadilisha viwili bure kabla sijagundua. Mjukuu, Jumamosi nina kazi Ipagala. Nikikuta geti liko wazi nitaingia na mita yangu, tupime swichi zote mbili kabla hujafungua kitu.

#44 Mjukuu wa 109
Karibu sana mkuu. Geti la bluu, gari iko chini ya mwarobaini. Chai itakuwepo.